Namna ya kuipa filamu ya kutisha sura moja katika posta, trela na mitandao

Swali: Mtayarishaji, Tanga

Ndugu zangu wa jukwaa,

Tumemaliza kupiga filamu ya kutisha yenye urefu wa takribani dakika 80, na sasa tumo katika uhariri. Ni hadithi ya familia ya mwambao inayoishi katika nyumba ya zamani yenye ua, na katikati ya ua huo kuna kisima kilichofunikwa kwa mlango wa nakshi uliong'olewa mahali pake na kulazwa chini. Usiku sauti huwaita watu wa nyumba ile kwa majina yao, na anayeitika mwito wa kwanza hupatwa na jambo. Wengi wenu mmelelewa na onyo hilo la kutoitika usiku mpaka mwito urudiwe, kwa hiyo sina haja ya kulifafanua.

Kinachonisumbua ni vifaa vya kutangazia. Posta tuliyo nayo ina vichwa vya waigizaji wanne juu ya moto, na jina la filamu linachuruzika damu. Trela ya muda iliyotengenezwa na mhariri ina rangi ya buluu iliyopoa pamoja na maandishi meupe membamba. Ukurasa wetu wa Instagram unaendeshwa na mtu mwingine kabisa, ambaye ameujaza mafuvu na mishumaa aliyoyapata mtandaoni, ilhali katika filamu yetu hakuna fuvu wala mshumaa. Bado kuna bango la turubai litakalotundikwa mbele ya ukumbi, tiketi, kadi za mwaliko, fulana za wahudumu na picha za kuweka katika hali ya WhatsApp. Ukivitandaza vyote mezani, utadhani ni filamu nne za watu wasiojuana.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, nitaunganishaje vitu hivi vyote bila kurudia picha ileile mpaka watu waichoke? Pili, je, filamu ya kutisha ni lazima iwe nyekundu na nyeusi ndipo watu waitambue kuwa ni ya kutisha? Fedha tulizobakiwa nazo ni chache, hivyo ushauri unaohitaji kampuni kubwa ya matangazo hautanifaa.

Jibu: Msanifu wa picha, Dar es Salaam

Ndugu mtayarishaji, kabla hatujafika kwenye rangi na herufi, naomba uisome tena aya yako ya kwanza. Umeitambulisha filamu yako kwa kitu ambacho sikumbuki kukiona katika posta yoyote, yaani mlango uliolazwa chini. Mlango ni kitu cha kusimama. Ukilazwa juu ya shimo, mtazamaji anahisi kuwa kuna jambo limeharibika katika nyumba hiyo kabla hajaonyeshwa tone la damu. Hicho ndicho kitu chako. Moto, mafuvu, mishumaa na herufi zinazochuruzika ni vitu vya kila filamu, na ndiyo maana havimwambii mtu kuwa ni filamu yako.

Hata hivyo, sikushauri uchapishe picha ya mlango huo kila mahali, kwa sababu hapo ndipo kuchokwa kunakoanzia. Ninachokushauri ni kutoa kanuni moja ndani ya filamu yenyewe, kisha kila picha iitii. Kwa filamu yako ningeanza na hii: kila kitu kitazamwe kutoka juu, kana kwamba anayetazama amesimama ukingoni mwa kisima na kuinamisha kichwa. Mwigizaji mkuu apigwe picha kutoka juu akiwa amelala mkekani na macho yake yanatutazama. Ua uonekane kutoka juu ukiwa umefagiliwa, na nyayo zielekee upande mmoja tu. Sinia ya chakula, kitanda, kaburi la babu na kichwa cha mtoto anayesukwa nywele vyote vinaweza kutazamwa hivyo, na mtu aliyekwisha kuona picha mbili ataitambua ya tatu kabla hajasoma jina. Tazama kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa: michoro yake haihesabiki, lakini pindo, mji na jina hukaa mahali palepale, na hakuna anayeiona kanga mpya akauliza ni nguo gani.

Baada ya kanuni ya picha, shughulikia mwandiko wa jina, na uushughulikie mapema kuliko posta. Watu wengi hufanya kinyume: hutengeneza posta, kisha hutafuta mahali pa kubandika jina. Mfano ninaoupenda ni wa *Psycho* ya mwaka 1960. Herufi zile zilizopasuliwa zilibuniwa na Tony Palladino kwa ajili ya jalada la riwaya ya Robert Bloch iliyotoka mwaka 1959, na mwongozaji Alfred Hitchcock alipoziona akazichukua kwa ajili ya filamu. Saul Bass, aliyetengeneza utangulizi wa filamu hiyo, naye alitumia mistari inayokatiza skrini na kuyakata majina vipandevipande. Kwa hiyo jalada, posta na dakika za mwanzo za filamu zinafanya tendo moja, tendo la kukata, ingawa hakuna hata kisu kimoja kinachoonyeshwa katika herufi hizo.

*Alien* ya mwaka 1979 inafundisha jambo jingine. Posta iliyosanifiwa na Philip Gips ina giza tupu, yai moja linalopasuka na kutoa mwanga wa kijani, na jina ambalo herufi zake zimeachanishwa mno. Katika utangulizi wa filamu herufi hizohizo hujitokeza juu ya skrini kipande kwa kipande, polepole, hivi kwamba kwa muda hujui unasoma nini. Sasa angalia: yai la posta linafanana na yai la kuku, na halifanani na mayai yanayoonekana ndani ya filamu. Wanaodhani kwamba uthabiti ni kunakili tukio la filamu kama lilivyo wangelikataa yai hilo, na wangekosea, kwa sababu linalotunzwa pale ni hisia ya kitu kilichofungika ambacho hakipaswi kufunguka, na hisia hiyo ndiyo filamu yote.

Herufi zako zisichuruzike damu. Zisiwe pia Trajan, fonti ambayo Carol Twombly aliichorea kampuni ya Adobe mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya mnara wa Mfalme Trajan mjini Roma; ni fonti nzuri sana, lakini imebandikwa kwenye posta nyingi za filamu kiasi kwamba haimtambulishi mtu yeyote tena. Mtafute fundi wa kuchonga milango, ikiwezekana, na umwombe akuchongee jina hilo katika ubao mmoja. Upige picha ukiwa umelazwa na mwanga ukitoka upande mmoja tu. Hapo utakuwa na mwandiko ambao hakuna mwingine anaoweza kuupakua, na gharama yake haitazidi sana ile ya fonti ya kununua.

Kuhusu rangi, jibu ni hapana, nyekundu si lazima. Posta ambayo Saul Bass aliichorea *The Shining* mwaka 1980 ni ya manjano, na uso wake wa vitone unatisha hadi leo. Chukua rangi zako kutoka mahali mlipopigia filamu. Ukuta wa chokaa uliozeeka una weupe wenye ukijivu, kinywa cha kisima kina weusi, na misumari ya mlango ina rangi ya kutu. Hizo tatu zinatosha. Kisha mwambie anayerekebisha rangi za trela azione kabla hajaendelea na buluu yake, kwa maana buluu hiyo ndiyo itakayokuwa mgomvi wako mkubwa: posta ya chokaa na trela ya barafu hazitakaa nyumba moja.

Jibu: Mchapaji, Kariakoo

Nakubaliana na msanifu, ila naongezea upande wa mashine, kwa sababu filamu za kutisha ndizo zinazotuletea faili zenye matatizo mengi kuliko kazi nyingine yoyote, na sababu yake ni weusi.

Weusi wa skrini ni kukosekana kwa mwanga, lakini weusi wa karatasi ni wino, na wino mweusi peke yake kwenye eneo kubwa hutoka kama mkaa uliopauka. Mwenye kazi akiuona hudai kwamba tumemwibia wino. Kwa eneo pana tumia nyeusi iliyokolezwa: sayani asilimia 60, majenta 40, manjano 40 na nyeusi 100. Jumla yake ni 240, na karatasi ya kung'aa inaweza kubeba hadi karibu 300 bila kuloa na kuchafua karatasi ya juu yake. Msiyapandishe yote manne hadi 100 mkidhani kwamba mnaongeza giza. Maandishi madogo meusi, kwa upande mwingine, yaachwe na wino mweusi peke yake, kwani sahani za rangi zikisogea kidogo tu herufi hupata vivuli vya rangi pembeni.

Yale maandishi meupe membamba ya trela yatakufa kwenye karatasi. Herufi nyeupe juu ya nyeusi iliyokolezwa huachwa wazi ili karatasi ionekane, na wino wa pembeni hutambaa na kuziziba. Ukitaka mwandiko uleule kila mahali, uwe na unene wa aina mbili tangu mwanzo: mwembamba kwa skrini, mnene kidogo kwa chapa.

Kwa turubai la nje, epukeni mng'ao. Bango jeusi linalong'aa likipigwa na jua la saa nane mchana hugeuka kioo, na mpita njia ataona gari lake badala ya kisima chenu. Ombeni la kufifia, hata kama duka litawaambia kuwa la kung'aa ndilo linalopendwa. Picha ya turubai haihitaji nukta 300 kwa inchi. Nukta 100 hadi 150 kwa ukubwa halisi zinatosha, kwani hakuna atakayeitazama kwa karibu.

Na tafadhali, mlete faili zikiwa tayari katika mfumo wa rangi za uchapaji na herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa maumbo, kisha mwombe karatasi moja ya majaribio kabla ya kazi yote. Rangi ya kutu mnayoiona kwenye kompyuta ni rahisi sana kugeuka chungwa ikifika karatasini. Afadhali mlijue hilo mapema, kisha muirekebishe ya kwenye skrini ifuate ya karatasi.

Jibu: Mwandishi wa filamu, Mombasa

Ninaheshimu yaliyosemwa hapo juu, lakini naona yamemwelekeza muulizaji kwenye sura peke yake. Filamu ya kutisha iliyotangazwa kwa uthabiti mkubwa kuliko nyingi ninazozijua haikuwa na sura ya kupendeza hata kidogo. Ninaizungumzia *The Blair Witch Project* ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Daniel Myrick na Eduardo Sánchez.

Filamu ile ilidai kwamba wanafunzi watatu walipotea Oktoba 1994 katika msitu wa karibu na Burkittsville, jimbo la Maryland, na kwamba tunachokitazama ni kanda zao zilizookotwa mwaka mmoja baadaye. Tovuti yake ilifunguliwa mwaka 1998, kabla filamu haijapata msambazaji, ikiwa na mtiririko wa historia ya mchawi wa Blair anayetajwa katika jina la filamu, kurasa za shajara na picha zilizofanana na za ushahidi wa polisi. Kwenye tamasha la filamu la Sundance la Januari 1999 yalisambazwa matangazo ya watu waliopotea yenye picha za waigizaji. Julai mwaka huo, filamu ilipokuwa inaingia sinemani, kituo cha Sci-Fi kilionyesha makala bandia iliyolichunguza tukio hilo kana kwamba lilitokea kweli. Posta nayo ilibeba sentensi zilezile za kupotea na kuokotwa kwa kanda. Mapato yake duniani yalikaribia dola milioni 250, kutoka kwa filamu iliyopigwa kwa kamera za mkononi.

Ukitazama vifaa vile kwa jicho la msanifu, havifanani. Tangazo la mtu aliyepotea ni karatasi ya fotokopi, tovuti ina giza, na makala ya televisheni ina mwanga wa kawaida wa mahojiano. Kilichoviunganisha ni dai moja: kila kifaa kilikuwa ushahidi, na hakuna kilichojitambulisha kuwa tangazo. Ile sanamu ya vijiti vilivyofungwa kama umbo la mtu, inayoning'inia mitini ndani ya filamu, ilitumika kama muhuri, lakini hata bila muhuri huo ungejua uko ndani ya hadithi ileile.

Kwa hiyo, ndugu wa Tanga, pamoja na kanuni ya kutazama kutoka juu, jiulize vifaa vyako vinamfanyia nini mtu anayeviona. Filamu yako inahusu kuitwa. Basi kila kifaa kiite, na kisijibiwe. Trela ianze kwa jina la mtu likiitwa mara moja, kisha kimya kirefu kuliko inavyopendeza. Kadi ya mwaliko iwe na jina la mwalikwa limeandikwa kwa mkono, mara moja tu, bila salamu na bila "karibu", na maelezo ya siku na ukumbi yawe nyuma. Tangazo la redio, ambalo watu wa picha hulisahau, lifanye vivyo hivyo. Redio haina rangi wala fonti, na bado inapaswa kutambulika kuwa ni ya filamu hiyohiyo.

Nina tahadhari moja. Msifuate mfano ule wa 1999 hadi kwenye matangazo ya watu waliopotea. Mama wa mmoja wa waigizaji wale alipelekewa rambirambi na watu walioamini kwamba bintiye amekufa, na waigizaji wenyewe walilalamika kwa miaka mingi jinsi majina yao halisi yalivyotumiwa. Huku kwetu karatasi ya aina hiyo ikipigwa picha na kurushwa katika makundi ya WhatsApp, itafika polisi kabla haijafika sinemani. Na popobawa, aliyezua taharuki Pemba na Unguja mwaka 1995 hadi watu wakalala nje kwa makundi, atukumbushe kwamba mwambao huu hauhitaji msaada mkubwa ili uamini.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Suala la kutazama kutoka juu limetufurahisha, na mwongozaji anasema kuna mapigo kadhaa ya kamera yaliyo tayari kwa pembe hiyo. Suala la jina kuitwa bila kujibiwa tumelikubali mara moja.

Limebaki jambo moja gumu. Mfadhili wetu anataka uso wa mwigizaji mkuu, ambaye ni mtu anayejulikana kwenye tamthilia za televisheni, uwe mkubwa kwenye posta, pamoja na wenzake watatu. Anasema filamu za hapa huuzwa kwa sura za watu, na makava ya diski yalithibitisha hilo kwa miaka mingi. Je, nimkatalie? Tena, wakati wa kupiga filamu hatukuwa na mpiga picha mnato, kwa hiyo tuna fremu za video tu.

Jibu: Mhariri wa trela, Nairobi

Usimkatalie, mfadhili wako hajasema uongo. Yale makava yenye vichwa vingi yalikuwa na akili yake: diski iliuzwa kwenye kibanda, ikiwa imepangwa kati ya nyingine mamia, na mnunuzi alitafuta sura anayoifahamu kwa sekunde chache. Ila leo posta yako haitapangwa kibandani. Itaonekana kwanza kwenye simu, ikiwa na upana wa kidole gumba, na nyuso nne katika upana huo ni madoa manne tu.

Uso wa mtu maarufu unaweza kutumiwa kwa njia mbili zinazopingana, na zote mbili zimefanikiwa. Kampuni ya Neon ilipotangaza *Longlegs* mwaka 2024 ilikuwa na Nicolas Cage mkononi, na ikaamua kuuficha uso wake. Trela zilimkata, zilimweka nje ya fokasi, au zilitoa sauti yake tu. Hata bango moja la Los Angeles lilikuwa na namba ya simu ambayo ukiipiga unamsikia. Filamu hiyo ya gharama ndogo ilivuka dola milioni 100, na sehemu ya hamu ya watazamaji ilikuwa kuuona uso waliounyimwa. *Smile* ya mwaka 2022 ilifanya kinyume: tabasamu lilelile la posta lilibebwa na watu hai waliopandwa miongoni mwa watazamaji wa mechi za besiboli nchini Marekani, wakikodolea kamera za televisheni bila kupepesa. Hapo uso ulikuwa kila mahali, na kwa kuwa kila uso ulifanya jambo lilelile, ilitosha.

Mpe mfadhili uso mkubwa wa mwigizaji mkuu, lakini uitii kanuni yenu: kutoka juu, macho wazi, mdomo umefumba kabisa, kwa sababu huyu ni mtu anayejizuia kuitika. Wale watatu wengine wapewe kila mmoja posta yake ya mtandaoni, ya pembe hiyohiyo na mdomo uliofumba vilevile. Atakayeitika katika hadithi ndiye pekee anayepata posta yenye mdomo ulioanza kufunguka, nayo itoke wiki ya mwisho. Waigizaji wote watakuwa na picha ya kuweka kwenye kurasa zao, jambo ambalo wao wenyewe watalipenda, na mfadhili atapata nyuso zake nne.

Fremu za video zisitumike kwenye chapa kubwa. Fremu ya ubora wa 4K ina upana wa pikseli 3840 tu, na usiku mliopiga kwa mwanga hafifu utaonyesha punje na mtikisiko ambao turubai litaukuza. Wakusanyeni waigizaji kwa siku moja, wavae mavazi yaleyale, walale kwenye mkeka uleule, na kamera iwekwe juu ya ngazi. Hakikisheni kwamba mwanga unatoka upande uleule kwa wote wanne. Hiyo ni kazi ya taa moja na mtu mvumilivu.

Jambo jingine la upande wangu: giza linalopendeza kwenye skrini ya mhariri huharibika likipita WhatsApp na YouTube, kwa sababu mfumo wa kubana faili hulitupa giza kwanza, na ukuta uliokuwa unafifia taratibu hugeuka mabaka ya mraba. Itazameni kila picha na kila kionjo kwenye simu ya bei nafuu, nje, juani. Ikiwa mlango hauonekani hapo, uongezeeni mwanga mpaka uonekane.

Jibu: Msanifu wa picha, Dar es Salaam

Wazo la midomo iliyofumba ni bora kuliko langu, na halivunji kanuni. Naongeza mambo ya utekelezaji.

Andikeni karatasi moja ya mwongozo, isizidi ukurasa. Iwe na mwandiko wa jina katika unene wa aina mbili alioutaja mchapaji, rangi tatu pamoja na namba zake za skrini na za uchapaji, pembe ya kamera, upande unaotoka mwanga, na kile ambacho hakiruhusiwi kabisa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kwenu. Iseme wazi: hakuna fuvu, hakuna mshumaa, hakuna damu, hakuna moto, hakuna picha ya kuokota mtandaoni, na kilichomo kisimani hakionyeshwi kwenye kifaa chochote kabla ya onyesho la kwanza. Anayeendesha Instagram apewe karatasi hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, na mafuvu yaliyokwisha kuwekwa yafutwe.

Sanifuni kwa umbo gumu zaidi kwanza. Posta ya kawaida ya sinema za Marekani ni inchi 27 kwa 40, karatasi za A zina uwiano unaokaribiana nayo, na picha ya Instagram ya pikseli 1080 kwa 1350 ni pana kidogo. Hizo hazisumbui. Kinachosumbua ni kuhama kutoka hali ya WhatsApp, iliyo ndefu ya 1080 kwa 1920, kwenda kijipicha cha YouTube kilicholala cha 1280 kwa 720. Jina la filamu lipangwe kwa namna mbili, la mstari mmoja na la mistari miwili, ili mtu asije akalinyoosha kwa nguvu lijae nafasi. Mlango uliolala unawasaidia hapa, kwani unaweza kugeuzwa upande wowote bila kuonekana umepinduliwa.

Acheni nafasi tupu chini ya kila posta kwa ajili ya alama ya daraja la umri na nembo za wafadhili. Mkivuka kwenda Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu huchunguza posta pamoja na filamu. Tanzania Bara mtashughulika na Bodi ya Filamu, na Zanzibar ina chombo chake. Posta isiyo na damu itawapunguzia maswali katika meza zote hizo. Nembo za wafadhili ziwekwe zote kwa rangi ya chokaa, pasipo rangi zake za kawaida, na waombeni ridhaa yao kwa maandishi sasa hivi, kwa sababu nembo moja ya kijani iking'aa kwenye pembe inaharibu kazi ya kila mtu aliyechangia hapa.

Mwisho, mafaili ya asili yakae kwa mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuyabadilisha. Mwenye ukumbi, gazeti, redio na waigizaji wapewe nakala zilizokamilika kwa vipimo vyao, pamoja na ombi la kutoongeza maandishi juu yake. Mwenye ukumbi akihitaji kuandika saa ya onyesho, mtengenezeeni ukanda wa chini wenye mwandiko wenu na nafasi ya kujaza saa, la sivyo ataiandika mwenyewe kwa herufi za njano juu ya paji la uso wa mwigizaji mkuu.